Mikono ya Mwalimu Nyamizi

Siku Holo alipomeza soda kaustiki, Milembe alikuwa ubavuni pake, na hakuweza hata kupiga kelele.

Lilikuwa zoezi la kawaida, la kuchosha hasa. Unachukua sodiamu hidroksidi kali, hiyo soda kaustiki, kutoka kwenye chupa ya akiba, unaizimua kwa maji, kisha unaidondosha juu ya tindikali ambayo nguvu yake unaijua, mpaka rangi igeuke. Wanafunzi wa mwaka wa pili wa Chuo cha Kemia cha Lugunga walikuwa wamelifanya mpaka wakalichukia. Au tusidanganyane: hawakuwa wamelifanya hata siku moja. Aliyelifanya ni Mwalimu Nyamizi, kwa mikono yake, ndani ya mikono yao.

Kila mwanafunzi alivaa glavu mbili za kijivu zinazopanda hadi mabegani, na kola laini iliyoshika kisogo. Saa ya zoezi ikigonga, glavu zinaamka zenyewe, na mikono yako inakuwa ya yule bibi. Wa kulia unatikisa chupa, wa kushoto unafungua koki ya bureti, ule mrija mrefu wa kudondoshea, tone baada ya tone, bila haraka, kwa utulivu ambao hukuuzaa wewe. Na pumzi pia. Mwalimu Nyamizi alikuwa na mazoea ya kuzuia pumzi akingoja tone la mwisho, na mafundi waliomhamisha mikono kuiingiza kwenye glavu waligundua kwamba mikono haikubali kutoka bila pumzi yake. Ndiyo maana kukawa na kola. Darasa zima lilizuia pumzi kwa pamoja na kuishusha kwa pamoja, na mgeni angedhani amekosea mlango akaingia msikitini au kanisani.

Glavu zikishaanza, haziachii mpaka zoezi liishe. Ilifanywa hivyo makusudi, kwa sababu mwanzoni wanafunzi walikuwa wakiogopa katikati ya kazi na kuvunja vioo.

Walifanya wawili wawili. Siku hiyo Holo alikuwa wa kuzimua na Milembe wa kupima. Walikuwa wakilala chumba kimoja tangu mwaka wa kwanza, na Holo, ambaye mdomo wake ulikuwa haujui likizo, alikuwa akimsimulia habari za mjomba wake aliyeoa mara ya tatu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika pipeti, mrija wa kioo wenye alama ya kipimo, wa kushoto ukibinya kipira chake cha kuvutia maji. Kipira kilikuwa cha zamani, kimekauka kwa joto. Kikapasuka.

"He!" Holo akacheka. "Mwalimu, kipira chako kimekufa."

Mkono wa kushoto ulikitupa kile kipira kando. Ukasimama kidogo, kama mtu anayekumbuka jambo. Kisha mkono wa kulia ukainua pipeti tupu na kuipeleka mdomoni.

Milembe aliona midomo ya mwenzake ikijipanga kwenye kioo, kwa ustadi kabisa. Aliona macho ya Holo yakimgeukia, yakiuliza. Alitaka kupiga kelele, lakini bureti yake ilikuwa imefika tone la mwisho, na pumzi haikuwa yake. Kifua chake kilikuwa kimefungwa na bibi aliyekuwa nyumbani kwake, mtaa wa tatu, labda amekaa anaota jua.

Kola ilivuta pumzi kwa ustadi wa bibi, lakini Holo hakuwa tayari. Koo lake lilikuwa katikati ya kicheko. Maji makali yakapita alama, yakapita midomo, yakashuka.

Ilipotoka sauti ya Milembe, Holo alikuwa chini. Na mikono ya Milembe iliendelea kusimama pale mezani, ikafunga koki, ikainua chupa kwenye mwanga. Rangi ya waridi, hafifu, safi, haina kasoro. Lilikuwa tokeo zuri kuliko yote ya muhula ule.

*

Chuo hakikukawia. Mazoea yana tabu, lakini vyuo havina tabu na mazoea yao: likitokea la kutokea, kwanza tafuta mwanafunzi wa kulibeba. Tangazo lilisema Holo amevunja kanuni ya kwanza ya maabara, kwamba hakuna kitu kinachoingia mdomoni, na kwamba baraza litakaa. Waliohamisha mikono walileta picha za siku ya kazi: Mwalimu Nyamizi amevaa koti jeupe, anavuta kwa kipira, tena na tena. Mikono iliyojifunza kipira, walisema, haiwezi kujua mdomo. Basi aliyepeleka pipeti mdomoni ni Holo mwenyewe, kwa utani wake unaojulikana na wote.

Holo hakuwa na la kujibu, kwa sababu hakuwa na koo la kujibia. Daktari alisema upo mwanga wa matumaini: koo jipya, linalooteshwa kutokana na nyama yake mwenyewe. Chuo kingegharamia, kama ajali ni ya chuo. Kama ni uzembe wake, angefukuzwa, na angelishwa kwa mrija mpaka siku ya kufa kwake. Alikuwa na miaka ishirini na moja.

Milembe alisema atatoa ushahidi. Sitta, kiongozi wa darasa, akamvuta pembeni nje ya bwalo.

"Dada, fikiria kwanza. Ukithibitisha mikono ina kosa, wanaifuta. Wakiifuta, kila tulichopima mwaka mzima kinafutwa nayo. Darasa zima tunarudi kuanza."

"Holo hawezi kumeza mate, Sitta."

"Nami namwonea huruma. Lakini huruma haina cheti."

Alisema kwa upole, na ndiyo maana Milembe alimchukia zaidi. Alishika njia kwenda mtaa wa tatu.

*

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ingia basi, usisimame mlangoni kama mpangaji mpya."

Mwalimu Nyamizi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, kikombe cha uji kimebanwa katikati ya vifundo vya mikono yake. Vidole vilikuwa vimenyooka tu, havina habari. Sheria iliita jambo lile kuhamisha mikono, na kwa mara moja sheria ilisema kweli. Hawakunakili. Sindano zilizosoma mishipa ziliisoma mpaka zikaiunguza. Walianza kwa kumwomba mkono wa kulia, kwa sababu alikuwa anakaribia kustaafu na hapakuwa na wa kumrithi. Halafu wakarudi kuomba wa kushoto, kwa sababu koki hufunguliwa kwa kushoto. Akatoa yote. Sasa vyuo kumi na vinne vilikuwa vikipima kwa mikono yake, naye alikuwa akivalishwa na mtoto wa jirani.

Milembe alikuwa wa mwisho kufundishwa naye kabla ya hapo. Muhula mmoja tu. Mwalimu alikuwa akimfunika kiganja kwa kiganja chake mwenyewe na kumwambia, sikia koki, usiitazame.

"Nimekuja kwa ajili ya Holo."

"Najua. Siku hizi hakuna anayekuja kunijulia hali."

"Mwalimu, nyinyi zamani mlikuwa mkivuta kwa mdomo?"

Bibi alikunywa funda la uji, akakitua kikombe gotini kwa shida. Milembe alitaka kumsaidia, akaona jicho alilotazamwa nalo, akatulia.

"Sisi tulivuta kwa mdomo kila kitu," alisema hatimaye. "Tindikali, besi, sumu, kila kitu. Hapakuwa na kipira. Vipira vilipokuja nilikuwa nimeshafundisha nusu ya maisha yangu. Kipira kilikuwa cha wanafunzi na wakaguzi. Mkaguzi akitoka, nakiweka mfukoni. Mdomo ni mwepesi, mdomo una hisia. Sikuwahi kumeza, hata tone."

"Na siku ile ya kuhamisha?"

"Walikuwa wanapiga picha. Nikatumia kipira."

"Basi liambie baraza hivyo hivyo."

"Nikiliambia wanaifuta."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Usiniambie ndiyo, Mwalimu, kama unaitikia mahudhurio. Nitazame." Aliinua vile viganja vyake, vikaning'inia. "Hii siyo mikono. Hii ni maiti mbili ninazotembea nazo. Mikono yangu iko huko. Kila asubuhi saa mbili ikigonga, najua kuna mahali ninafanya kazi, ninafanya vizuri, na watoto wa watu wanajua kazi nzuri ni nini. Nimebaki na hicho tu. Wakiifuta, nitakuwa nimeitoa bure."

"Holo atalishwa kwa mrija maisha yake yote."

"Holo ni kijana. Vijana hupona."

"Hatapona. Na wewe unajua."

Hakukana. Hilo ndilo lililomuuma Milembe kuliko yote: kwamba yule mama hakuwa mjinga wala hakuwa mkatili. Alikuwa amepima pande mbili, kama alivyopima kila kitu, na upande wake mwenyewe ukawa mzito.

"Sijawahi kukuomba kitu, mwanangu," Mwalimu alisema. "Nakuomba hiki."

"Nimekusikia, Mwalimu."

Hilo ni jibu la mtu asiyetaka kusema ndiyo wala hapana. Wote wawili walilijua, na Milembe aliondoka bila kumaliza uji aliowekewa.

*

Baraza lilikaa ukumbi wa mihadhara, kwa kuwa ndio pekee wenye feni. Mkuu wa Chuo, Bwana Lugembe, alikaa kati ya wajumbe wake wawili. Holo aliletwa kwa kiti cha magurudumu, mrija puani, shingo imefungwa bendeji. Alipoulizwa kama anaelewa shitaka alitikisa kichwa kukubali, na karani akaandika kwamba mshitakiwa amekubali. Ilibidi Milembe asimame na kupinga, ndipo karani akafuta.

Wanafunzi walijaa madirishani. Mwalimu Nyamizi alikaa mstari wa mbele, shali ya bluu mabegani, mikono imelazwa mapajani kama ya mtu anayepigwa picha.

Milembe aliomba glavu na kola, pipeti isiyo na kipira na chupa ya maji ya kunywa.

"Binti, hapa si maabara," Mkuu alisema.

"Ni maji tu, Mkuu. Nikifa nitakufa kwa kiu."

Kicheko kikapita madirishani, na Mkuu, ambaye hakupenda kuchekwa wala kuonekana hapendi, akaruhusu. Milembe alivaa. Fundi wa glavu akawasha zoezi la kuzimua. Mikono ikaamka, ikapapasa mezani kutafuta kipira, haikukiona. Ikasimama kidogo. Kisha ikapeleka pipeti mdomoni mwake, ulimi ukaziba, maji yakapanda yakatulia juu kidogo ya alama, kidole cha shahada kikafunga juu, na maji yakashushwa polepole mpaka mkunjo wa uso wa maji ukaigusa ile alama. Halikudondoka hata tone. Ilikuwa kazi nzuri mno. Hata Milembe, aliyekuwa ndani yake, aliipenda.

Bwana Lugembe alikohoa.

"Tumeona. Lakini tumemwona nani? Wewe ni mwanafunzi wake wa karibu. Unaweza kuiga. Nani atatofautisha mkono wako na wa glavu?"

"Mwenyewe," Milembe alisema. "Muulizeni mwenyewe."

Mkuu akamgeukia bibi. "Mwalimu Nyamizi, katika kazi yako umewahi kuvuta kwa mdomo?"

Mwalimu Nyamizi alikuwa bado anaitazama ile mikono ya kijivu. Uso wake ulikuwa laini, kama wa mtu aliyekutana na nduguye kwenye msiba. Kisha uso ukajifunga.

"Sijawahi. Huo siyo mkono wangu."

Holo alitoa sauti, siyo neno, upepo tu kwenye mrija. Bwana Lugembe alishika kalamu, na Milembe akaona mambo yanavyokwenda kuisha: kwa adabu, kwa muhuri, kabla ya chakula cha mchana.

Wahenga wetu walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Milembe alikuwa ameubusu ule mkono tangu aingie chuoni. Alikuwa anajua jambo moja tu kuhusu mwenye nao, ambalo halikuwa kwenye picha wala kwenye kanuni. Lilimjia hapo hapo, na alilichukia lilipomjia.

Alimwambia fundi azime. Akavua glavu, zote mbili, na kola. Akaishika pipeti kwa mkono wake mwenyewe, mkono wa mwaka wa pili, mzito, haujui kitu.

"Naomba nionyeshe tofauti, Mkuu," alisema. "Mkono wangu na wa glavu."

Akaitumbukiza pipeti juu juu. Akavuta kwa kifua chote, mashavu yamebonyea kama ya mtu anayefyonza mfupa. Hewa ikaingia, maji yakachemka ndani ya kioo, yakampanda puani, akapaliwa. Akaweka kidole, kidole kimelowa chapachapa, maji yakaponyoka. Kutoka mstari wa mbele alisikia kiti kikilia. Hakutazama. Akatumbukiza tena, vibaya zaidi, akavuta tena, na safari hii akaacha maji yapite alama kwa kiganja kizima, akayashusha kwa mkupuo, mengine yakimwagika mezani.

"Siyo hivyo!"

Mwalimu Nyamizi alikuwa amesimama, shali imeteleza bega moja.

"Siyo kwa kifua, wewe mtoto! Nani kakufundisha kuvuta kwa kifua? Kwa ulimi! Unaziba kwa ulimi, unavuta kidogo kidogo, macho hayaondoki kwenye alama! Na kidole kikavu! Ukiweka kidole kibichi hakikamati, nimewaambia mara ngapi, mimi mwaka wa kwanza kazini niliungua ulimi kwa tindikali kwa sababu ya kidole kib..."

Akaisikia sauti yake mwenyewe.

Feni ilikuwa ikizunguka. Karani alikuwa ameandika mpaka neno la mwisho, kwa kuwa kazi yake ni kuandika, naye hakujua alichoandika mpaka alipoinua kichwa na kuona nyuso.

Milembe aliitua pipeti mezani. Maji yalikuwa yanamtiririka kidevuni na hakuyafuta. Mwalimu alimtazama, akaitazama pipeti, akamtazama tena, na taratibu akaelewa alichofanyiwa. Akakaa.

"Mwalimu?" Bwana Lugembe alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba asijibiwe.

"Andikeni," Mwalimu Nyamizi alisema. "Ni mikono yangu."

*

Hawakuwa na jinsi. Madirisha yalikuwa yamejaa mashahidi. Baraza lilimwondolea Holo kosa, likaandika kwamba chuo kitagharamia koo lake. Na kwa kuwa sheria inataka mkono wenye kosa uzimwe kila ulipo, bila kuchelewa, fundi alikaa pale pale mezani na kuanza. Chuo kimoja baada ya kingine. Katika kila chuo, darasa lililokuwa katikati ya zoezi liliishiwa mikono na kubaki limesimama, wanafunzi wakitazamana, hawajui tena kufunga koki.

Zamu ya Lugunga ilikuwa ya mwisho. Glavu zilizokuwa mezani zilitetemeka kidogo vidoleni, kisha zikalala kama soksi.

Watu walitoka. Sitta alimpita Milembe bila kumtazama, na darasa zima likampita vivyo hivyo. Mwaka ujao wangeanza upya, na hapakuwa na wa kuwafundisha kushika chochote. Holo, alipokuwa akisukumwa nje, aliinua viganja vyake viwili na kuvikutanisha kifuani kumshukuru. Milembe aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameipata haki aliyoitafuta, lakini hakumfuata nje; aligeuka nyuma.

Alimkuta Mwalimu ukumbini peke yake, bado amekaa. Shali ilikuwa imeanguka chini nyuma ya kiti, na nje kulikuwa kumeanza upepo.

"Mwalimu."

Bibi aliendelea kuzitazama zile glavu mezani.

"Ningefanyaje? Niambie. Ningefanyaje?"

"Ulinijua," Mwalimu Nyamizi alisema, macho yake mbele. "Wote hawa walinivaa mwaka mzima, hakuna aliyenijua. Wewe ulinijua, ukanishika pale pale."

Milembe alitaka kulia, na akaona kulia ni kuomba kitu kingine tena kutoka kwa mtu aliyekwisha nyang'anywa. Aliokota shali. Akaikung'uta vumbi, akamzungushia mabegani, akaifunga fundo kifuani ili upepo usiichukue. Mwalimu Nyamizi akamwacha amalize. Hakuwa amemsamehe. Alikuwa hana mikono ya kumsukumia mbali.